Hongera kwa Usafi wa Diski

Wanaomlaumu karani wa kompyuta katika ofisi moja ya majani chai hapa Chepilat hawajui maana ya usafi. Programu ya nakala za akiba ilimsihi ahifadhi nakala za siku 30. Akahifadhi moja. Kila jioni, nakala ya leo huifuta ya jana na kukalia kiti chake, kama abiria wa matatu ya Sotik: mmoja ashuke, mwingine apande.

Mkulima, kwa ushamba wake, huchuma majani mawili na chipukizi, akauacha mchai. Hata akipogoa, huwa ni baada ya miaka kadhaa, na shina hulibakiza. Mama wa Kipsigis naye hutayarisha vibuyu kadhaa vya maziwa ya mursik, ati kimoja kikiharibika viwepo vingine. Ubadhirifu wa vibuyu!

Jumatatu, faili ya kilo za wakulima ilifunguka tupu. Jioni hiyo, programu, kwa utiifu wa kupigiwa mfano, ikanakili utupu huo juu ya nakala nzuri, ikaripoti: "Imefaulu." Kweli imefaulu. Utupu wetu sasa uko salama mahali pawili.

Na diski inapumua! Video za harusi ya karani, nakala saba, zimejinyoosha humo bila kubanana.

Juzi nyanya mmoja, gogo kwa Kikipsigis, alikuja na stakabadhi zake za kilo za mwaka mzima katika mkebe wa Kimbo. Tulimcheka sana. Kisha tukamsihi, kwa heshima zote: "Gogo, tuazime mkebe."