Kupumzika Kunakochosha

Mfaransa akikuambia twende shamba tukapumzike, muulize kwanza mtapumzika kilomita ngapi. Pwani tunakotoka sisi, mtu anayepumzika hujulikana kwa kumtazama tu: ameketi, kanyoosha miguu, kahawa iko karibu, na akiinuka ni kwa swala au kwa chakula. Shemeji yangu, mzaliwa wa Lyon aliyemwoa dada yangu, anaamini kwamba mtu ambaye hajalowa wala kuchubuka goti bado hajaanza likizo. Ndiye aliyetupeleka Vallon-Pont-d'Arc, mimi na shangazi yangu wa Pangani, katikati ya mwezi wa Agosti. Dada alisema ana kazi nyingi ofisini. Baadaye nilielewa kwamba anamfahamu mumewe.

Vallon ni mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Ardèche, wenye wakazi wasiofika elfu tatu. Hiyo ni hesabu ya msimu wa baridi. Kiangazi kikiingia, wageni humiminika na mahema yao mpaka kando ya mto hapapatikani mahali pa kuanika taulo. Mkoa mzima haukuwa na stesheni hata moja ya treni za kawaida za abiria, jambo ambalo shemeji alilieleza kwa fahari, utadhani aliziondoa yeye. Kwa hiyo tulikwenda kwa gari, kona baada ya kona, shangazi akisoma dua kiti cha nyuma, na shemeji, akidhani anaimba, akimpigia mdundo kwenye usukani.

Tulifika saa nane na dakika kumi mchana tukiwa na njaa. Hapo ndipo nilipoifahamu sheria isiyoandikwa ya miji midogo ya Ufaransa: chakula cha mchana kipo kuanzia saa sita hadi saa nane, na mtu anayesikia njaa saa nane na dakika kumi amejitakia. Mhudumu wa mkahawa wa kwanza alitikisa kichwa kwa upole. Wa pili alitikisa kabla hatujavuka kizingiti. Duka la mikate nalo lilikuwa limefungwa, maana mwoka mikate pia ana tumbo. Shangazi hakubishana. Alikaa kwenye benchi chini ya mti, akafungua mfuko wake, akatoa maandazi aliyoyakaanga alfajiri kule Lyon, akasema, "Mkwe wangu, nchi yako nzuri, lakini mtu asitoke nyumbani bila kitu mkononi."

Kwenye salamu, lakini, shangazi alijikuta nyumbani. Vijijini Ufaransa ukiingia dukani bila kusema bonjour, hata kama duka linaungua na wewe ndiye umekuja kuwaambia, utajibiwa kwa baridi. Shangazi, ambaye hajawahi kumpita mtu bila kumjulia hali, aliisambaza bonjour yake kwa wauza mboga, kwa wazee waliokuwa wakicheza pétanque, na kwa kila mbwa aliyeketi mlangoni. Kufikia jioni, mtaa ule ulikuwa unamjua yeye kuliko ulivyomjua shemeji, ambaye amekuwa akienda pale tangu utotoni.

Kesho yake tukapelekwa mtoni. Kutoka Vallon hadi Saint-Martin-d'Ardèche, mto Ardèche unapita katika korongo la mawe ya chokaa kwa takriban kilomita 32, na watu wenye akili zao timamu hulipa pesa ili wazipige kafi zote, wengine kwa siku moja, wengine wakilala njiani. Kwa kutuhurumia, shemeji alichagua kile kipande kifupi cha kilomita 8 kinachoishia Chames.

Wakodishaji wa mitumbwi walikuwa na maswali mengi kuliko maofisa wa uwanja wa ndege. Je, kila mmoja anaweza kuogelea mita 25? Je, anaweza kuzamisha kichwa majini? Shangazi, aliyekulia mdomoni mwa mto Pangani, mtoto wa mvuvi, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma, alimkagua yule kijana kuanzia nywele hadi kucha. "Muulize yeye," akaniambia, "kama anaweza kuogelea huku kashika ndoo ya samaki." Sikutafsiri. Kijana akahamia kwenye viatu. Kandambili haziruhusiwi, lazima viatu vya kufunika mguu. Zile za shangazi zilikuwa mpya, kazinunua Tanga mahususi kwa Ulaya. Tulipekua buti la gari tukapata viatu vya shemeji vya kandanda, namba 44. Basi shangazi akashuka mtoni na kanga yake, jaketi la kujiokolea juu ya kanga, na viatu vya kandanda chini, akatuapisha kwamba habari hii isifike Pangani.

Tulipanda mtumbwi mmoja wa plastiki: mimi mbele, shangazi katikati na pipa la chakula, shemeji nyuma kama nahodha. Mwezi wa Agosti maji huwa machache, kwa hiyo kila baada ya muda mtumbwi ulikwama juu ya mawe, tukashuka, tukausukuma, tukapanda. "Kwetu," alisema shangazi, "anayesukuma chombo hulipwa yeye."

Kabla ya kufika kwenye daraja kuna mkondo mkali unaoitwa Charlemagne. Wenyeji wanaujua vizuri, na wageni wanaopumzika kwa njia ya busara hukaa kwenye mawe ya kando na biskuti zao, wakingoja mitumbwi ipinduke. Shemeji amejifunza Kiswahili kwa programu ya simu, na ni hapo ilipodhihirika kwamba hajafika somo la kulia na kushoto. Alipiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Nikapiga kafi kama nilivyoamriwa. Yeye alikuwa anaonyesha kulia. Mtumbwi ulikaa ubavu, ukafikiri kidogo, ukatumwaga.

Maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni, lakini mtu hajui hivyo mpaka asimame, na shemeji alichelewa kusimama. Miwani yake iliendelea na safari kuelekea mto Rhône. Shangazi alikuwa ameshasimama zamani, kafi mkononi, kanga imemganda, akaupindua mtumbwi, akayamwaga maji, akakaa kiti cha nyuma. Watazamaji wa biskuti wakampigia makofi. Hakuna aliyempinga, kuanzia hapo nahodha alikuwa yeye, na hatukugusa jiwe tena.

Pont d'Arc lenyewe ni jambo la kunyamazisha mtu. Zamani mto ulikuwa unalizunguka jabali. Maji yakachoka kuzunguka, yakalitoboa, na leo kuna daraja la jiwe lisilojengwa na mkono wa mtu, urefu wake mita 54 kwenda juu, tao lake mita 60 kwa upana, na mitumbwi inapita chini yake. Shangazi alisema "Subhanallah" akaacha kupiga kafi. Shemeji, aliyetusafirisha mwendo wote ule ili tulione, alikuwa anakodoa macho upande wa kichakani, akiuliza kama tumeshafika.

Chakula tulikula Chames. Mfuniko wa pipa haukuwa umekazwa, na aliyesema ataukaza tunamjua. Chapati zilizolowa maji ya mto bado ni chapati ukiwa na njaa ya kutosha.

Siku iliyofuata ilikuwa ya pango. Mwezi wa Desemba 1994, watu watatu, Jean-Marie Chauvet, Éliette Brunel na Christian Hillaire, walijipenyeza kwenye jabali lililo jirani na daraja wakakuta michoro ya wanyama yenye umri wa takriban miaka 36,000. Pango hilo wageni hawaingii. Ufaransa ilishapata somo Lascaux, pango lililofunguliwa mwaka 1948 na kufungwa mwaka 1963 baada ya pumzi za watalii kuanza kuharibu kuta. Kwa hiyo hapa Vallon wakajenga nakala, mlimani nje kidogo ya mji, ikafunguliwa mwaka 2015. Ndani mna giza na ubaridi. Shangazi alijifunika kanga ya pili. Shemeji, ambaye miwani yake ya akiba ilikuwa ya jua, aliitembea ziara nzima akiwa ameshika bega langu.

Na humo, mwanamke aliyeishi miaka yote jirani na hifadhi ya Saadani bila kuwa na shughuli ya kumpeleka kwa simba, alimwona simba kwa mara ya kwanza: Ufaransa, ukutani, wa kuigizia. Kundi zima, vichwa vimeelekea upande mmoja, wakiwinda nyati. Na vifaru pia. Lakini hakukubali kirahisi. "Madume yako wapi? Mbona hakuna manyoya ya shingoni?" Mwongozaji alieleza kwamba simba wa enzi zile hawakuwa nayo. Shangazi alicheka kwa adabu: hao majike, na hawa watu hawajui. Mwongozaji, kwa heshima zote, alielekeza tochi yake kwenye ushahidi wa wazi ambao mchoraji aliuweka nyuma ya mnyama mmoja. Shangazi akatazama chini, akasema yametosha.

Tulirudi kwa barabara inayopita juu ya korongo, yenye vituo vya kutazamia mandhari. Kwenye kituo kimoja magari yalikuwa yamesongamana, kamera zote juu. Nilidhani kuna ajali. Kulikuwa na mbuzi. Huzurura huko majabalini bila mchungaji, na hupenda sana maegesho. "Watu hawa wametoka Uholanzi," aliuliza shangazi, mfugaji wa mbuzi kwa miaka mingi, "kuja kupiga picha mbuzi?"

Alikuwa bado anauliza pale beberu mmoja alipoingiza kichwa dirishani na kuondoka na mfuko wa maandazi. Shangazi alishuka na viatu vyake vya kandanda, namba 44, alivyokuwa amevizoea sasa, akamshika pembe, akamgeuza shingo, akaurudisha mfuko wake bila kupandisha sauti. Kamera zote zikahamia kwake.

"Waambie," akaniagiza, huku beberu akihema mkononi mwake, "mbuzi ni bure. Picha yangu mimi ni euro mbili."

Nilitafsiri. Mtu wa kwanza kutoa pesa alikuwa shemeji.