Nimelipia Inchi Zote

Baba mkwe wangu haogopi giza la umeme kukatika; hilo amelizoea. Giza linalomkosesha raha ni lile analoliona juu na chini ya picha wakati umeme upo. Televisheni yake ya inchi 55 aliinunua kwa kiinua mgongo, na kwa hesabu yake kila inchi isiyotoa picha ni inchi iliyovamiwa, kama vile jirani kaja usiku kasogeza bikoni ya kiwanja.

Mgogoro uliiva Pasaka, tulipoweka Ben-Hur. Filamu ile ni ya mwaka 1959, na upana wake ni mara 2.76 ya kimo chake. Televisheni za siku hizi ni 16 kwa 9, upana wake haufiki hata mara mbili ya kimo. Ukiionyesha Ben-Hur nzima kwenye kioo cha namna hiyo, zaidi ya theluthi ya kioo inabaki nyeusi. Mzee akapima kwa macho, akaguna.

"Hawa wamefungua pazia nusu. Mimi nimelipia inchi zote."

Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumbishia baba yake tangu arudi kukaa pale bila kodi, akadaka rimoti akabonyeza zuum. Kioo kikajaa, sebule ikashangilia. Mimi peke yangu nikawa nahesabu kilichoondoka: zaidi ya theluthi ya upana, kushoto na kulia. Watu wazima na heshima zao wakawa wanazungumza na kabati letu la vyombo, maana wenzao walishasukumwa nje ya kioo. Kwenye mashindano ya magari ya farasi, yale yanayotufanya tuitazame filamu hiyo kila mwaka, ikabidi tukisie nani anamfukuza nani.

Mkwe habishani na baba mkwe. Anasema "ni kweli, baba," halafu anachomeka "ila" ndogo. Yangu ilikuwa ya kihistoria, na nakiri haikuwa ndogo sana. Nikamweleza kwamba sinema zilipanuliwa makusudi. Wamarekani walianza kubaki nyumbani na televisheni zao, studio zikaona njaa inabisha hodi, na mwaka 1953 Twentieth Century-Fox ikaitoa The Robe kwa CinemaScope, picha pana ambayo televisheni isingeweza kuiiga. Miaka ikapita, studio hizohizo zikataka kuwauzia watu filamu hizohizo kwenye kanda za VHS, wazitazame kwenye TV za chogo, ambazo ni 4 kwa 3. Ikabidi zikatwe. Kuna fundi alikaa chumbani akaamua, onyesho kwa onyesho, kipande kipi kibaki. Waigizaji wawili wakiongea kila mmoja pembeni kwake, anaisogeza picha kwa huyu, anairudisha kwa yule. Ukiikata Ben-Hur hivyo, kinachobaki hakifiki nusu.

"Sisi tuliiona hivyohivyo kwenye kanda," mzee akasema, "na machozi yalitoka yote."

Hapo sikuwa na jibu. Na kusema kweli, mzee ana hoja nyingine ambayo hakuitoa, nami sikumkumbusha: hilo umbo la 16 kwa 9 ni suluhu ambayo haikumridhisha mtu. Filamu pana inaachiwa giza juu na chini, kipindi cha zamani kinaachiwa giza pembeni, na mwenye televisheni analipia vyote. Ila giza halichukui kitu. Kinachojaza kioo ndicho kinachoiba, tena bila kuacha alama, ndiyo maana anayelaumiwa ni giza.

Shemeji akadai balaa hili ni la filamu za wazee tu, katuni zake hazina shida. Afadhali angenyamaza. Novemba 2019, Disney+ ilipoanza, vipindi vya zamani vya The Simpsons viliwekwa vikiwa vimekatwa juu na chini ili vijaze televisheni za kisasa. Kuna kimoja chenye kiwanda cha bia: mapipa matatu, majina matatu tofauti, na juu yake bomba moja linaloyajaza yote. Utani wote uko kwenye bomba. Lilipokatwa, yakabaki mapipa. Mashabiki walipiga kelele, na Mei 2020 umbo la asili likarudishwa kwa anayelitaka.

"Yaani watu wazima waligombania bomba?" shemeji akauliza.

Baada ya chakula mzee akachomeka flashi yenye mkanda wa harusi yake, ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mkanda ni 4 kwa 3, naye akaunyoosha mpaka kingo za kioo. Hesabu yake ni rahisi: kila kitu kinanenepa kwa theluthi. Gari la maharusi likaingia magurudumu yakiwa duaradufu. Wapiga matarumbeta wakaingia, mashavu yao hayaelezeki. Kisha akaingia bibi harusi.

Mama mkwe, aliyekuwa hajatia neno tangu asubuhi, akaweka kikombe chini. "Huyo nani?"

"Si wewe?"

"Baba watoto, mimi sijawahi kuwa hivyo. Gauni lile lilipunguzwa kiunoni siku mbili kabla." Akanigeukia. "Mwanangu, wewe unayejua, nirudishe."

Nilibonyeza haraka kuliko nilivyowahi kumtii mtu ukweni. Giza likasimama kushoto na kulia, magurudumu yakawa duara, mama mkwe akawa msichana mwembamba anayechungulia kamera kwa aibu. Akapiga kigelegele peke yake.

Mzee hakupiga makofi. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, anamtazama bwana harusi: kijana wa shingo ndefu, suti inaning'inia mabegani kwa namna inayoonyesha kwamba mwenye suti alikuwa mtu mwingine.

"Mbona nimekonda? Siku ile nilikuwa na afya. Rudisha zuum."

"Thubutu," akasema mama mkwe.

Rimoti ilikuwa kwangu. Shemeji akagundua ana shughuli jikoni. Mzee akafikiri kidogo, akaniinamia, akashusha sauti mke wake asisikie: "Haina sehemu ya kumnenepesha bwana harusi peke yake?"