Dakika 22 za Mjomba

Mama yangu anakaa Muyinga. Mimi na mume wangu tunakaa Gitega, mtaa wa Nyamugari. Tangu mtoto wa jicho alipomziba macho, kila mwezi tunamfuata kwake, tunamleta kwa daktari, kisha tunamrudisha. Njia ni ile ya Karuzi: unateremka mpaka mto Ruvubu, unavuka, unapanda vilima, na baada ya vilima kuna vilima vingine. Zamani Mama alikuwa anasafiri kwa macho. Alijua nani amebadilisha bati, nani migomba yake imepigwa na upepo. Sasa anakaa kiti cha nyuma, mikono mapajani, kimya. Hata mume wangu akipunguza mwendo penye mashimo, hasemi asante kama alivyozoea. Ukimya ule uliniuma, nikaapa nitampa kitu cha kusikiliza.

Kaka yake Mama, yaani mjomba wangu, alikuwa mpiga inanga. Kwa asiyeijua: ni ubao uliochongwa ukawa kama kihori kifupi, na uzi mmoja wa mishipa ya ng'ombe unapitishwa huku na huku juu yake mpaka zinapatikana kamba nane hivi. Mpigaji anaiweka mbele yake, anainama, na haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Kooni hamtoki sauti, inatoka pumzi iliyobeba maneno, na kamba ndizo zinazoipa pumzi hiyo tuni yake. Masikio yanaviunganisha vitu hivi viwili, mtu akadhani inanga yenyewe inazungumza. Dunia inazijua zaidi ngoma zetu za Burundi, kama zile za Gishora hapa karibu na Gitega. Ngoma ya kifalme iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Ngoma inasikika kilima cha pili. Inanga inasikika na waliokaa mkeka mmoja.

Mwaka 2009 mdogo wangu wa kiume alimrekodi Mjomba nyumbani kwa Mama, kwa MP3 ndogo yenye kinasa sauti ndani yake, pana kama kiberiti. Dakika 22. Mwaka uliofuata Mjomba alifariki, na ile MP3 ikabaki kwangu, ndani ya kikombe kisicho na mkono kwenye kabati la vyombo. Tundu lake la chini lililegea zamani: chaji linapokea, lakini ukiichomeka kwenye kompyuta haionekani. Kwa hiyo wimbo umefungiwa mle ndani. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, tundu la hedifoni. Nilimpelekea Mama hedifoni, akazivua baada ya nusu dakika, akazikunja vizuri na kunirudishia. "Mwanangu, inanga haisikilizwi na mtu mmoja."

Ikabaki redio ya gari.

Gari letu ni Toyota Carina ya 1998, Ti kama watu wanavyoiita, iliyotoka Japani na usukani wake wa kulia. Mume wangu alinunua modulata, kile kidude kinachochomekwa penye kiwashio cha sigara. MP3 inaunganishwa nacho kwa waya mfupi, nacho kinarusha wimbo hewani kama kituo cha redio ambacho wasikilizaji wake wote wamo ndani ya gari. Jumamosi nzima alizungusha redio, hakupata kitu. Modulata ilikuwa imewekwa 101. Redio yetu inaanzia 76 na kuishia 90, kwa sababu Wajapani walitumia masafa ya juu ya 90 kwa televisheni zao, mpaka walipozima mitambo ya zamani ya televisheni mwaka 2011 na 2012. Magari yaliyotengenezwa kabla ya hapo yamezaliwa na sikio fupi. Modulata nayo haishuki chini ya 87.5. Basi vitu hivi viwili vinakutana kwenye kichochoro cha kati ya 87.5 na 90, mahali pengine popote havionani. Nililigundua hilo nikiwa nimeshika tochi, namba za vyote viwili nimeziandika nyuma ya daftari la hesabu la binti yangu. Tukaweka 88.3, na Mjomba akasikika. Kwa mbali, ndani ya mchakacho kama wa mvua ya mchele, lakini alisikika. Mume wangu alipiga mikono miwili juu ya usukani kwa furaha.

Safari ya kwanza tuliifanya hivyo. Mpaka Ruvubu mambo yalikuwa mazuri kiasi. Tulipopanda ng'ambo na kufika juu ya mgongo wa kilima, akaingia mtangazaji na sauti yake nzito, Mjomba akapotea kabisa. FM ndivyo ilivyo. Mawimbi mawili ya masafa mamoja hayachanganyiki kama mchuzi na wali. Redio inalishika lenye nguvu na kulitupa jingine. Tukiteremka bondeni Mjomba anarudi, tukipanda anaondolewa. Mama akaniambia kwa upole, "Muulize mkwe wangu, mbona wanamkatiza mtu anazungumza?" Huwa hamwambii mkwewe jambo la kumlaumu moja kwa moja. Mume wangu alisikia, shingo ikamlegea. Akazima.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja na kaseti yenye waya. Naipenda akili ya kifaa hicho mpaka leo. Ndani hamna utepe. Kuna koili ndogo inayokaa uso kwa uso na kichwa cha kusomea cha redio. Umeme wa wimbo unageuka sumaku, kichwa kinaisoma sumaku ile kama vile utepe unapita mbele yake. Hakuna hewa ya kugombania, hakuna mtangazaji wa kuingia. Mchakacho wa mvua ulipungua zaidi ya nusu. Lakini redio yetu ni ya kujigeuza upande, na vigurudumu vya ile kaseti vilikuwa vizito. Redio ikivihisi vimesita inadhani utepe umefika mwisho, inageuza. Klak. Sekunde ishirini, klak tena. Mara ya sita au ya saba ikageuza, ikakwama, ikakataa kutoa na ikakataa kucheza.

Nilikuwa jikoni. Shemeji akapita, akachukua kisu changu cha kumenyea ndizi, sikuuliza. Nilipotoka nje niliwakuta ndugu wawili wameinamia dashibodi, mmoja ameshika tochi kwa meno. Kisu kilivunjika ncha, kimlango cha redio kikavunjika nacho, na kipande cha chuma kikadumbukia ndani. Kulikuwa na moshi mdogo, kisha fyuzi ikakatika. Sikupiga kelele. Niliokota mpini wa kisu, nikaingia ndani, nikamaliza ndizi kwa kisu cha mkate. Kwa siku nne mume wangu na mimi tuliongea habari za watoto na za chumvi tu. Siku ya tano alikuja akakaa kando ya jiko, akasema, "Si redio inayoniuma. Nilitaka mama yako asikie." Nilijua hivyo tangu mwanzo, ila nilihitaji kuambiwa.

Zamu yangu ya upatu ilipofika, niliitoa yote. Mume wangu alishuka Bujumbura, akaenda kwa Siyoni, ambako biashara nyingi zilihamia baada ya soko kuu kuungua Januari 2013, akarudi na redio mpya yenye tundu la AUX usoni. Fundi akaifunga. Sasa ni waya mtupu, kutoka MP3 mpaka redio, bila kurusha chochote na bila sumaku. Uani, gari likiwa limezimwa, Mjomba alisikika kama amekaa kiti cha mbele. Tukawasha injini, na mbu akaingia. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, unaopanda ukikanyaga eksileta na kushuka ukiachia. Kwa muziki wa magitaa na ngoma mtu angevumilia. Inanga ya kunong'ona haina mahali pa kujificha. Mlio ule ulikaa palepale zinapokaa pumzi za Mjomba.

Fundi alilaumu spika za nyuma, akabadilisha waya zake. Mbu yupo. Akalaumu waya wa arthi, akauhamishia bodini, tukalipa mara ya pili. Mbu yupo. Jioni nilibaki peke yangu garini, injini inanguruma, nikataka kuchaji simu. Nikachomoa chaja ya MP3 ili nipate tundu. Mlio ukakatika, pwa. Nikarudisha chaja, ukarudi. Nilifanya hivyo mara tano kabla sijamwita mume wangu, kwa maana nilitaka kuwa na hakika.

MP3 ilikuwa imeungwa na gari mara mbili: kwa chaja na kwa waya wa wimbo. Umeme ukapata njia mbili za kurudi arthi, na kelele ya altaneta ikapita kwenye ile njia ya wimbo. Ondoa chaja, njia inabaki moja, kelele inakosa pa kupita.

Lakini betri yake imezeeka. Bila chaja inakaa dakika arobaini. Ukitoa dakika 22 za Mjomba, zinabaki kumi na nane. Na hata bila mbu, barabara ina matairi yake na upepo wake.

Mwezi uliofuata tulimrudisha Mama bila kuwasha redio. MP3 niliichaji usiku kucha, nikaishika mkononi njia nzima kama yai. Tulifika Muyinga alasiri. Mume wangu akaingiza gari uani chini ya mwembe, akazima injini, akaacha ufunguo kwenye hatua ya kwanza. Nikamwita mama mdogo kutoka ndani, akaja na kanga yake ya jikoni, akakaa nyuma karibu na dada yake. Tukapandisha vioo vyote. Nikachomeka waya.

Kamba kwanza, kisha pumzi. Mama mdogo alifunika mdomo. Mama hakusogea. Dakika kama ya tisa, nyuma ya mnong'ono, kukawa na kitu ambacho sijapata kukisikia katika ile rekodi, kwenye hedifoni wala kwingine: mwanamke anaita mtu toka mbali, na mlango wa bati unafungwa.

Mama akanyoosha mkono gizani kwake, akalishika bega la mkwewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Huyo ni mimi," alisema. "Nilikuwa naita watoto waje kula. Rudisha, mwanangu."

Mume wangu alinitazama. Nikarudisha. Tuliisikiliza sehemu ile mara nne, mpaka kitaa cha MP3 kikawa chekundu.