Sifa za Sasisho la Saa Tisa Usiku

Katika nyumba ya kupanga ya Shauri Moyo, kitu pekee kinachokarabatiwa bila mpangaji kuandika barua, kupiga simu au kumfuata afisa ofisini ni ruta ya intaneti. Mtaa wenyewe ulijengwa na Baraza la Manispaa la Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa na watu wake wakahamishiwa huku. Tangu hapo mwenye nyumba amebadilisha jina tu: manispaa, kisha baraza la jiji, na tangu 2013 serikali ya kaunti. Kodi hajawahi kuisahau. Paa, mabomba na mitaro ya majitaka ni habari nyingine, na mpangaji wa Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, amejifunza kwamba bomba likipasuka, fundi hupatikana kwa mchango wa majirani. Ndani ya nyumba hiyohiyo kuna kisanduku cha plastiki chenye taa, ambacho aliyekitengeneza hulala akikiwaza. Usiku wa manane hukipelekea programu mpya, hukizima, hukiwasha, na asubuhi haombi hata ya chai. Wanaolitukana sasisho la kujiendesha kila intaneti inapopotea wanamtukana fundi pekee anayekuja bila kuitwa.

Kazi yake si ndogo. Ruta ni kompyuta, na programu inayoiendesha ina makosa kama programu nyingine zote. Kosa likigunduliwa, mtengenezaji huandika toleo jipya. Ruta hulipakua, hukagua kama kweli limetoka kwake, huliandika kwenye kumbukumbu yake, kisha hujiwasha upya. Kwa ruta moja hayo ni dakika chache za kukosa mtandao. Kwa ruta za meshi, yaani ruta mbili tatu zinazopokezana mawimbi ili yafike kila kona, mambo hunoga. Ruta kuu ikizimika, ndogo zote hubaki bila wa kuzungumza naye. Ikirudi na toleo jipya huku mojawapo ya zile ndogo ikiwa bado na la zamani, huenda zisielewane, na simu ikaendelea kung'ang'ania ruta iliyojaa mawimbi lakini haina intaneti hata tone. Meshi ya nyumbani ilibuniwa kwa jumba la ghorofa mbili tatu lenye mtu mmoja anayelipa bili. Huku mtaani inaweza kupewa kazi tofauti: ruta kuu kwa aliyelipia faiba, ya pili dirishani ikimtazama kinyozi, ya tatu kwa jirani anayechangia. Kwa hiyo taa zikibadilika rangi, watu wa milango minne hutoka nje kwa pamoja wakiulizana kama ni wao tu. Chifu akiitisha baraza hapati mahudhurio ya haraka namna hiyo, na bado kuna wanaosema teknolojia imeua ujirani.

Lawama ya kwanza ni ya saa. Ruta nyingi zimepangwa zijisasishe usiku wa manane, tuseme saa tisa, saa ambayo mtu mwenye akili zake amelala. Mtu huyo haishi Eastlands. Anayekwenda kufungua marobota ya mtumba katika soko la Gikomba anakaribia kuamka, na kijana anayepata riziki mtandaoni kwa kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa Marekani yuko katikati ya kazi, kwa maana saa tisa yetu ya usiku ni jioni ya New York na mteja anangoja. Na hapo ni kama ruta inajua kwamba iko Nairobi. Nyingi hazina betri ya kushika saa. Huuliza mtandaoni ni saa ngapi, kisha hufuata ukanda wa saa uliowekwa na aliyezifunga mara ya kwanza, na huyo mara nyingi alikuwa na haraka. Ikibaki kwenye saa za California, saa tisa usiku ya kule ni saa saba mchana huku, na msimu wa baridi wa kule ukiingia, saa nane. Kinyozi aliyekuwa akipokea malipo kwa simu na kuonyesha mpira kwa wateja atasema huu ni ukoloni. Mimi naona usawa ambao hatujauzoea. Sasisho halijui mitaa ya matajiri ya Runda wala Muthaiga; toleo linaloingia huko ndilo linaloingia huku kwetu nyuma ya soko la Burma, bila mheshimiwa yeyote kuja kukata utepe. Tutaje huduma nyingine ya mjini inayofika pande hizo mbili ikiwa ileile.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: kwamba kilichokuwa kikifanya kazi vizuri kisiguswe. Wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani wangeweza kujibu. Mwishoni mwa Novemba 2016 walipoteza huduma baada ya ruta zao kushambuliwa na programu haribifu ya ukoo wa Mirai, na tiba waliyopewa ilikuwa kuchomoa ruta, kungoja kidogo, kuichomeka tena na kuiacha ijichukulie toleo jipya. Mei 2018 ikatangazwa nyingine, VPNFilter, iliyokuwa imejificha katika vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi 54. Anayevamia ruta ya kinyozi hana haja na picha za kinyozi. Anataka kisanduku kinachokesha kimewashwa, chenye anwani halali, cha kumtumikia katika uhalifu wake kwingine. Mwenye ruta haoni lolote, isipokuwa labda mtandao kuwa mzito, na mtandao mzito tunao siku zote.

Ni kweli, fundi huyu naye huvunja vyombo. Mei 2023 ruta nyingi za ASUS duniani zilikosa intaneti kwa sababu ya kosa katika faili la mipangilio lililotoka kwenye seva za kampuni wakati wa matengenezo ya kawaida ya usalama. Hata hivyo kampuni ilikiri kosa na kuomba radhi hadharani, jambo ambalo mpangaji wa Shauri Moyo angependa kulionja walau mara moja kabla nyumba haijabomolewa. Linalouma kuliko hilo ni kwamba shambulio la Ujerumani liligonga mlango wa mtandao (port) namba 7547, uleule ambao makampuni ya intaneti huutumia kuzihudumia ruta za wateja kwa mbali. Anayemsifu fundi mwenye ufunguo wa nyumba hana budi kuusifu na ufunguo wenyewe, na ufunguo hauchagui mkono.

Stima je? Umeme ukikatika wakati toleo jipya limeandikwa nusu, ruta ya bei rahisi yenye nafasi ya toleo moja tu inaweza kufa papo hapo, wakati iliyotengenezwa kwa uangalifu huhifadhi matoleo mawili na kurudia la zamani. Katika nchi ambayo usiku wa 25 Agosti 2023 karibu yote ilikaa gizani, na giza likarudi Novemba na Desemba ya mwaka huohuo, hili si jambo la bahati mbaya tu. Lakini sioni kwa nini lawama imwendee sasisho. Hilo lilikuja; stima ndiyo iliyoondoka.

Kuna anayesema: ruta nimeinunua kwa pesa zangu, iniombe ruhusa. Huyu ndiye ninayemhurumia, maana sasisho limemfunza bure somo alilokuwa amelikwepa dukani. Kisanduku ni chake. Programu iliyomo anaitumia kwa idhini, kupitia akaunti aliyofunguliwa na kampuni, na kitufe alichokizoea kinaweza kutoweka kwenye programu ya simu bila yeye kuulizwa. Ni mpangaji, na mpangaji wa nyumba za kaunti anapaswa kuzijua dalili. Tofauti ni kwamba huyu mwenye nyumba wa pili hukarabati, mpaka siku anapoacha. Hapo ndipo sifa zangu zote zinapokwama. Kila modeli ina siku ambayo mtengenezaji huacha kuipelekea matoleo mapya. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu kutangaza muda huo; kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, mnunuzi huhesabu antena na kuulizia bei.

Siku hiyo ikipita, ruta haitoi ishara. Haijizimi tena saa tisa usiku wala saa saba mchana, zile ndogo hazikosani na kuu, kinyozi anamaliza mechi nzima, na kijana wa kazi za usiku hapigii mtu kelele. Itakaa hivyo miaka, ikiwa na kila kosa lililogunduliwa tangu ilipoachwa, na mwenyewe akiamua kuiuza, atakachokitaja kwanza kwa mnunuzi ni kwamba haijawahi kumsumbua.