Yah: Ombi la Kuiamuru Bahari Imngoje Mgeni Rasmi

Waheshimiwa wenye mamlaka ya kutuletea mgeni rasmi,

Baada ya salamu zilizojaa taadhima, na baada ya kuwaombea afya, umri mrefu na magari yasiyochelewa njiani, sisi raia wenu wa mwambao wa Pangani twathubutu kushika kalamu, si kwa kiburi wala kwa ukaidi, bali kwa kuchelea kwamba, maadamu tumekwisha kusimama juani mwaka baada ya mwaka pasipo kunung'unika mbele yenu, huenda mkadhani kusimama juani ndiyo ngoma yetu ya asili, mkaitia katika orodha ya vivutio.

Siku yetu ya mashindano ya ngalawa mwaijua, kwa kuwa picha zake mmezitia katika kalenda zenu. Pengine msilolijua ni kwamba ratiba yake haikutungwa na kamati yoyote. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, maji ya pwani hii hupwa sana asubuhi, na yapata saa nne ndipo Maziwe, kile kisiwa kilichotengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ambacho zamani kilikuwa na mivinje na leo ni mchanga mtupu, hujitokeza juu ya maji, na mashua zetu zikawapeleka wageni kuogelea na kutazama samaki wa matumbawe. Maji yakianza kujaa kisiwa huzama, wageni hurudi, na adhuhuri huwakuta mbele ya masufuria ya akina mama; na ifikapo kama saa kumi alasiri, bahari ikiwa imefura hadi ukingoni mwa mji, ngalawa hutweka matanga mbele ya macho ya watu wote. Mwenye mashua hupata nauli yake, mama hupata fedha ya wali wake, kijana mwongozaji hupata bakhshishi, mwenye nyumba ya wageni huuza kitanda, iwe mjini au ng'ambo huko Ushongo, na fundi wa ngalawa, ambaye angali akichonga gogo la mwembe kwa tezo, hupata wateja kwa sababu ya ushindi wa nahodha mmoja tu. Hayo yote hayaigharimu hazina senti moja.

Ndipo mnapoingia ninyi.

Kwanza huja agizo kwamba mabanda yasianze kuuza kabla mgeni rasmi hajayakagua, kwa hoja kwamba haipendezi mheshimiwa akute sufuria iliyokwisha kupakuliwa. Kwa hiyo wageni waliotoka Maziwe na chumvi mwilini na njaa tumboni huyazunguka mabanda yanayonukia wali wa nazi na nguru wa kupaka, wakaambiwa kwa tabasamu kwamba chakula kipo ila hakijakaguliwa. Mgeni rasmi ameandikwa saa nane. Saa nane hupita. Saa tisa mshereheshaji hutuarifu kwamba msafara umekwisha kutoka Tanga. Saa tisa u nusu hutuarifu kwamba unajiandaa kutoka Tanga. Saa kumi, maji yakiwa yamefika pale pale tunapoyataka, na manahodha wameshika demani macho yao yakielekea jukwaani, hututaka radhi na kuturudishia muziki ule ule. Wakati huo kivuko cha Bweni nacho huzuiwa gatini kikiungoja msafara ambao, ukitoka Tanga, hauna haja yoyote ya kuvuka mto.

Magharibi inapokaribia ndipo ving'ora husikika. Anayeshuka garini aghalabu si mgeni rasmi bali mwakilishi wake, na safari moja alikuwa mwakilishi wa mwakilishi, aliyeileta hotuba katika bahasha na kuifungua mbele yetu kwa udadisi usiopungua wetu. Itifaki huzingatiwa. Risala husomwa. Mwakilishi huyakagua mabanda, akaonja punje za wali uliopoa na kuusifu, kisha hushuka ufukoni na bendera mkononi kuyazindua mashindano, akazikuta ngalawa zote zimepwelewa, zimekaa juu ya tope na mirengu yake hewani, na manahodha kivulini wakicheza bao. Hapo hupunga bendera. Wallahi hupunga bendera! Na wapiga picha hupiga picha, na kesho yake twasoma kwamba mashindano yamefana.

Wageni, fauka ya hayo, hawapo. Wamekwisha kwenda zao na njaa yao, na wale waliolala ng'ambo wamekwenda kukisihi kivuko. Sijui huwasimulia nini wenzao wakifika kwao. Nina hakika hawawasimulii habari za ngalawa.

Yupo mama mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, aliyekopa katika kikundi chake cha kukopeshana fedha ya nguru na mchele, akaamka kabla ya alfajiri kukuna nazi, akafunika chakula chake kwa kawa akingoja kukaguliwa. Samaki wa kupaka hastahimili joto la Pangani tangu asubuhi hadi magharibi. Alimwaga. Siku ya marejesho kikundi hakikumwuliza habari za itifaki, na ninyi mlimtuma mkusanyaji kumdai ushuru wa banda ambalo halikuuza sahani moja. Mwatuita wadau jukwaani na wadaiwa sokoni! Ni nani aliyewaambieni kwamba twahitaji kuzinduliwa? Bahari hii ilikuwa ikijaa na sisi tukitweka kabla ya ofisi zenu kupigwa chokaa, na mtu aliyeshindwa kufika saa nane hana haki ya kusema neno hata moja juu ya maendeleo ya watu walioamka saa kumi usiku. Mwatuaibisha mbele ya wageni wetu, ndani ya mji wetu, kwa chakula chetu.

Niwieni radhi. Naomba maneno hayo yahesabiwe kuwa yameandikwa na jua.

Narudi kwenye muradi wa barua. Tumekaa tukashauriana, tukaona kwamba kumwomba mgeni rasmi afike saa aliyojiandikia mwenyewe ni utovu wa adabu, na kwamba jambo ambalo halijapata kutokea haliwezi kudaiwa kwa haki. Basi likabaki moja tu, nalo ni kuirekebisha bahari. Uzoefu hamkosi. Mto wetu, ambao maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, umekwisha kutiwa adabu: umezuiwa kwa bwawa la Nyumba ya Mungu, ukaamriwa kuzungusha mitambo ya umeme Hale, nao ukatii bila ya kuuliza, hata ufikapo kwetu ni mto mpole uliotumikia dola njia nzima. Bahari, kwa bahati mbaya, haijapata kuajiriwa, na pengine utii wa mto ndio uliowatia katika dhana kwamba jirani yake ana tabia ile ile.

Twaomba, kwa hiyo, ateuliwe Mkurugenzi wa Kujaa na Kupwa, mwenye ofisi ufukoni, muhuri, makarani wawili na gari lisiloweza kupita mchangani. Kazi yake ya kwanza itakuwa kuiandikia bahari barua ya kuitaka ijieleze, katika muda wa siku 14, ni kwa nini hujaa mara mbili kati ya asubuhi na asubuhi pasipo kibali, na ni kwa nini kila siku hujichelewesha kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake pasipo kutoa taarifa, tabia ambayo katika utumishi huvumiliwa kwa wakubwa peke yao. Nakala ipelekwe kwa Mwezi, ambaye kwa ushahidi wa wavuvi wote ndiye mchochezi. Mwezi aitwe kikaoni. Na kwa kuwa atatoka mbali, alipwe posho ya safari na ya kujikimu, asije akasingizia ufinyu wa bajeti na kupevuka siku isiyotakiwa.

Kuanzia hapo maji yote yanayokusudia kupanda mita 3 na zaidi, kama yafanyavyo siku za bamvua, yajaze fomu katika nakala tatu, yakieleza yatokako, yaendako na madhumuni ya ziara. Maji yatakayofika ufukoni kabla ya msafara yahesabiwe kuwa yameingia kwa magendo, yatozwe faini papo hapo, na yapewe risiti. Yatakayofika pamoja na msafara yapokelewe kwa staha na kupewa viti vya nyuma ya hema, pamoja nasi. Siku za maji mafu, ambazo bahari hujikongoja kwa uvivu, zikatwe katika likizo yake, isipokuwa ikileta cheti cha daktari. Kusi na kaskazi, kwa kuwa ni watumishi wa msimu, waelezwe mapema kwamba hawatavuma usoni pa mheshimiwa wakati anasoma. Ikitokea pingamizi kutoka Oman au Bara Hindi, ambako bahari hii hii hupiga na ambako huenda watu wakapenda maji yao yafike kwa wakati, wajulishwe kwamba hapa tuna mgeni rasmi, nao kwa ustaarabu wao bila shaka watakubali dunia isimame kidogo. Na bahari ikishikilia ukaidi wake hata baada ya onyo la tatu, ihamisheni bara, adhabu ambayo mtumishi msumbufu aijua vizuri. Mambo makubwa yote yamekwisha kuhamia Dodoma, hata hili halitashindikana.

Faida zake hazina tashwishi. Mgeni rasmi atakula kwa nafasi, atajinyoosha kidogo baada ya chakula, atatoka nyumbani apendapo; Mkurugenzi ataishikilia Bahari ya Hindi kule nje ya mwamba kwa kuionyesha waraka; na mguu wa mheshimiwa utakapogusa zulia, simu itapigwa, kizuizi kitaondolewa, na bahari itaingia Pangani polepole, kwa adabu, nyuma ya bendi ya matarumbeta.

Mengine ni madogo, nayaandika kwa haraka. Twaomba choo kimoja ufukoni, hata kisipozinduliwa. Fulana za siku ya ngalawa zifike kabla ya siku ya ngalawa. Ushuru wa banda, wa soko, wa usafi na ule wa nne usio na jina uandikwe katika risiti moja. Na kalenda yenu iache kutuchapia picha ya kisiwa chenye minazi na kukiita Maziwe, kwa maana wageni hufika wakatuuliza minazi imekwenda wapi, nasi hatuna la kuwajibu.

Liko na hili. Kila mwakilishi hutenga sehemu ya hotuba yake kuusifu ushujaa wa mji huu, ambao mwaka 1888 uliikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, na kumwombea rehema kiongozi wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Sifa hizo twazipokea. Ila ni taabu kuzisikiliza kwa utulivu wakati tumesimamishwa wima, vikongwe na watoto wachanga pamoja, mpaka msemaji atakapoketi, katika shughuli tuliyoianzisha wenyewe na ambayo yeye ameikuta imekwisha kuharibika kwa sababu ya kumngoja yeye.

Hadi Mkurugenzi atakapopatikana, manahodha, wenye mashua na akina mama wa mabanda wamekwisha kupatana, nami nimepewa kazi ya kuwaarifu. Safari ijayo chakula kitapakuliwa adhuhuri, na mwenye njaa ndiye atakayekikagua. Saa kumi alasiri ngalawa zitatweka. Hema lenu tutalifunga kama desturi, zulia tutalitandika, na kile kiti cha katikati tutakipangusa vumbi, kwa kuwa hatukulelewa kumvunjia mgeni heshima. Akifika kwa wakati atatazama pamoja nasi, na tutafurahi. Akichelewa, mshindi atakuwa amekwisha kupokea zawadi yake, na haitarudishwa mezani ili akabidhiwe mara ya pili mbele ya wapiga picha.

Wenu watiifu,
Raia wa mwambao wa Pangani