Misingi ya Elimu ya Juu ya Kumtazama Pomboo

Pomboo ni mnyama wa baharini anayevuta hewa kwa tundu la utosini, anayezaa na kunyonyesha, na asiyejali hata kidogo ratiba ya anayekuja kumtazama. Hilo la mwisho ndilo chimbuko la matatizo yote ya fani hii. Laiti pomboo angesoma ratiba, ambayo hupangwa kwa umakini na watu ambao wengi wao hawajawahi kulowa, utazamaji wake ungekamilika zamani, na mabingwa wangehamia kwenye kazi nyingine, kama vile kumrekebisha kasa mwendo.

Maabara mashuhuri ya fani hii katika Afrika Mashariki ni Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997. Huko wako pomboo wa namna mbili. Wa kwanza ni yule mwenye mdomo wa chupa, mchangamfu, ambaye urefu wake hufikia mita mbili na nusu hivi. Wa pili ana nundu mgongoni, ni mwenye haya, na hupenda maji ya karibu na pwani. Elimu ya juu haimshughulikii sana huyu wa pili, kwa kuwa huzikwepa boti, na mnyama anayemkwepa mtaalamu hana mchango katika maendeleo ya taaluma.

Zamani wavuvi wa hapo waliwaua pomboo ili wapate chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni wakaanza kuja kuwatazama, ikabainika kwamba pomboo aliyekufa huuzwa mara moja, ilhali aliye hai huuzwa kila asubuhi. Kufikia katikati ya muongo huo uwindaji ulikuwa umekoma. Uvumbuzi huu wa kiuchumi ulifanyika bila semina wala posho, jambo linalotia shaka uhalali wake.

Safari ya kitaalamu huanza alfajiri. Vifaa vyake ni miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, mapezi ya miguuni (ambayo daima huwa makubwa mno au madogo mno) na boti ya faiba yenye mashine nyuma. Majira ya kusi bahari huchafuka, na wanafunzi dhaifu hulalamikia kichefuchefu. Kichefuchefu si maradhi. Ni chombo cha kupimia mawimbi, na ndicho pekee ambacho kila msafiri hukitumia bila kufundishwa.

Baada ya hapo hufuata Mbinu ya Mzingo. Nahodha wa boti ya kwanza huona pezi, hunyoosha kidole. Nahodha wa pili hajaona pezi, ameona kidole. Wa tatu ameona boti mbili zimegeuka pamoja, na hiyo kwake ni hoja tosha. Punde si punde boti zote zimekusanyika, mashine zinanguruma, kundi la pomboo liko katikati, na hutolewa amri ya kisayansi: "Rukeni!" Wageni huangukia majini kama magunia ya mbatata, mmoja juu ya mwenziwe. Pomboo huzama, hupita chini ya miguu yao, na kuibukia upande ule ambao hakuna anayeutazama. Wageni huvutwa mikono kurudishwa botini, mashine hutiwa moto, na jaribio hurudiwa mpaka mafuta yaonyeshe dalili za kuisha.

Watafiti waliofuatilia mambo haya Kizimkazi waligundua kwamba boti zinapokuwapo pomboo hupumzika kidogo, hula kidogo na hukaa pamoja kidogo, huku muda wao wa kusafiri ukiongezeka zaidi ya mara mbili. Elimu ya juu imeyapokea matokeo hayo kwa shangwe, maana pomboo mwenye safari huonekana vizuri kuliko aliyepumzika. Ni kweli kwamba pomboo hulaza nusu ya ubongo tu, nusu ya pili ikikesha ili akumbuke kupanda juu kuvuta hewa. Ni kweli pia kwamba ndama hunyonya chini ya maji, kwa sekunde chache kila mara, na mama akikimbizwa ndama hukosa. Makadirio ya mwanzoni mwa karne hii yaliwaweka wale wenye mdomo wa chupa katika eneo hilo chini ya 200. Hayo ni mambo ya pomboo. Fani hii inahusu watazamaji.

Lipo dhehebu potofu linalodai kwamba boti ipunguze mwendo, iende sambamba na kundi bila kulikata njia, watu wateremke kimya kimya badala ya kuruka, na kwamba pomboo akitaka atakuja mwenyewe. Udhaifu wa kwanza wa nadharia hii ni kumwachia pomboo uamuzi. Udhaifu wake wa pili ni kwamba hufanya kazi.

Kuhusu utambuzi, kila pomboo ana pezi la mgongoni lenye mipasuko na makovu yake, hivyo picha nzuri humtofautisha na wenzake. Njia hiyo ilipata umaarufu miaka ya 1970, mtafiti Michael Bigg alipoitumia British Columbia, Canada, kuwahesabu oka, yaani nyangumi wauaji, mmoja mmoja kwa pezi na baka la kijivu lililo nyuma yake. Mtazamaji wa kawaida hupiga picha ya maji mahali alipokuwa pomboo. Picha hiyo nayo ni ushahidi, ingawa wa maji.

Oka kwa ukoo ni pomboo, tena mkubwa kuliko wote: dume laweza kufikia mita tisa. Katika Bahari ya Salish, mpakani mwa Canada na Marekani, wako oka wasiokula ila samaki, hasa salmoni aina ya chinuki, na madume yao huishi na mama zao maisha yote. Wako pia wanaowinda sili katika maji hayohayo, na makundi hayo mawili hayaingiliani. Wale wala samaki wamebaki kiasi cha 70 na ushee, na tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la Washington huitaka boti ikae yadi 1,000 kutoka kwao. Kwa umbali huo oka haonekani vyema bila darubini, na wanaolalamika ni wanafunzi tu. Bingwa aliyehitimu hutoa maelezo yake kamili akiwa bado gatini.