Dirisha la Nungunungu

Kobe wa Mbinga alikuwa karani wa ghala la kahawa, na hesabu zote za Umatengo alizihifadhi kichwani. Sharti lake lilikuwa moja: hazungumzi na asiyekaa dirishani pake. Ukikaa, anakujibu mstari kwa mstari, tena papo hapo. Ukimtuma mtu na kikapu, anaandika jibu, anaweka, anaandika jingine, na kikapu hakiondoki mpaka kijae. Neno la siri la ghala ndiyo kabisa, halipokei ila dirishani.

Wa ziwani waliumia. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66 za kupanda, na Fisimaji si mnyama wa milima. Alimtuma Kima na kikapu kuulizia malipo ya usipa wake. Kima akakaa huko mpaka masika yakaisha, akarudi na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyakumbuka.

Fisimaji akamchukua Kwazi, wakaenda kwa Nungunungu. Huyo ndiye mwenye milima. Hakuna anayetoboa ukuta wala kufungua mlango bila idhini yake, na ni haki: kila mnyama akijichimbia atakavyo, ngoro za mteremkoni, zinazozuia mvua isiondoke na udongo, zitabomoka zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema."

"Tunataka kukaa dirishani kwa Kobe, nasi tuko huku ziwani."

Nungunungu akafikiri. "Kobe hapimi mbao za dirisha. Anataka pa kusemea, pa kusikilizia, na pa kujua kama mwenzake yupo. Hayo nitayachimba. Handaki lenye midomo miwili: mmoja utakaa nao wewe, wa pili Kobe ataona ni dirisha. Lakini uniombe kwa mpango. Kwanza omba handaki. Pili omba mdomo wa juu uandikwe kwa jina lako, asije mwingine akausikiliza. Tatu omba komeo lifunguliwe. Nne uliza jina la dirisha, umpe Kobe."

Kwazi hakusubiri. Aliomba la kwanza, la pili na la nne, akaruka hadi juu, akagonga komeo kwa kichwa. Akashuka akitangaza kwamba Nungunungu hawapendi watu wa ziwani. Maneno yakafika Liuli, yakafika Lituhi, na wazee wakayakalia baraza, kabla hata mmoja hajauliza kama komeo liliombewa kufunguliwa.

Vijana wanaoandika programu watayatambua maombi haya: posix_openpt, grantpt, unlockpt, ptsname. Zamani terminali ilikuwa mashine ya kweli, yenye vitufe na karatasi, iliyounganishwa kwa waya, na programu nyingi bado zina tabia ya Kobe: hujichunguza kwanza kama ziko mbele ya terminali ndipo ziamue namna ya kujibu. Katika Linux, handaki hupatikana kwa kufungua /dev/ptmx, na dirisha huzaliwa ndani ya /dev/pts likiwa na namba yake. Katika Unix ya BSD ya miaka ya 1980 madirisha yalichongwa mapema, jozi kwa jozi, na kila programu ilihangaika kujaribu moja baada ya jingine mpaka ipate lililo wazi. Mimi nasimama na utaratibu wa kuomba. Ndio unaomwezesha fundi aliyeketi Mbamba Bay kuingia kwa ssh katika kompyuta iliyoko Dodoma, nayo ikamjibu kana kwamba amekaa mbele yake.

Fisimaji aliomba yote manne. Kobe naye aliambiwa aache kundi lake la zamani, aanze kikao chake mwenyewe, ndipo afungue dirisha. Likawa lake rasmi. Mazungumzo yakaanza, na Nungunungu akawa kazini humo handakini. Fisimaji akisema "madebe kumi", kisha akajirudi, "hapana, tisa", kumi ilifutwa njiani, Kobe akasikia tisa tu. Na Kobe alipozama katika orodha ndefu ya wadaiwa wasiohusika, Fisimaji aligonga mara moja kwa kucha. Kobe akanyamaza katikati ya jina.

Jioni Kobe alimaliza, akaondoka. Fisimaji hakujua. Usiku kucha alitega sikio, kwa sababu Kwazi, aliyepanda kuchungulia, alikuwa amesahau ukucha wake kwenye mdomo wa juu, na maadamu kuna anayelishika dirisha, handaki halitangazi mwisho. Kulipokucha Nungunungu akamwambia Kwazi, "Mwanangu, toa ukucha." Akautoa, na Fisimaji akapata habari saa ileile.

Safari ya pili, Fisimaji ndiye aliyetangulia kufunga mdomo wake. Nungunungu akambishia Kobe hodi: mwenzako ameondoka. Kobe akafunga daftari.

Katika mkutano wa mavuno, Kobe aliapa mbele ya wazee kwamba tangu azaliwe hajamjibu asiyekaa dirishani. Wazee wakampigia makofi. Fisimaji alikuwa nyuma, anahesabu malipo yake ya usipa, yametimia. Kima alitoka kabla makofi hayajaisha, mgongo bado una alama ya kikapu, akaenda kuomba handaki. Akapewa namba ileile ya Fisimaji, maana ilikuwa wazi, na ombi la tatu hakulisahau.